Naomba ushauri: kipimo cha uvujaji hewa kwenye ghala kinakataa upande mmoja

Wakuu, habari za kazi. Ghala liko Uingereza, ganda lake (kuta, paa na sakafu) mita za mraba 9,000, feni sita za kupimia, lengo ni uvujaji usiozidi m³ 5 kwa saa kwa kila mita ya mraba kwenye presha ya paskali 50. Tukisukuma hewa ndani, kipeo n (namba inayoonyesha uvujaji unavyoongezeka presha ikipanda) ni 0.63. Tukiivuta nje kinashuka hadi 0.46, na chini ya 0.5 kipimo hakikubaliki. Feni zikiwa zimezimwa, tofauti ya presha ya ndani na nje haikufika paskali 2. Mitego ya maji ya mabomba ya maji taka imejazwa, matundu ya feni za kutolea hewa yamezibwa kwa tepu.

Nashuku milango ya kupakulia mizigo: mpira wa chini unaachia presha ikiwa ndogo, ikipanda unavutwa na kubana.

Nithibitisheje bila kuifunga kwa tepu, maana hapo nitakuwa nimeficha uvujaji wenyewe? Na ripoti yenye matokeo ya kusukuma pekee itapokelewa?