Kifaa cha kusokotea vigwe vya ndoano: kibao kinakwama, kigwe kinajikunja. Tatizo liko wapi?

Kambale_Mtera

Habari za jioni wakuu. Nimeunda kifaa cha kusokotea vigwe vya kufungia ndoano kwenye migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) ya kambale, kwa ajili ya Bwawa la Mtera. Uzi mmoja wa 210/12 (nyuzi 12 za denia 210 zilizosokotwa pamoja) haufai: kambale akinasa anajiviringisha, uzi unajikunja mafundo, na yale meno yake madogo kama msasa yanausaga palepale karibu na ndoano. Nataka nyuzi tatu za 210/12 zisokotwe pamoja ziwe 210/36, kigwe kigumu cha sm 50.

Kifaa chenyewe: ubao wa inchi moja umesimamishwa, una matundu matatu. Kila tundu lina spoku ya baiskeli iliyokunjwa kama mkono wa kuzungushia, mbele ina kikulabu. Nyuma kuna kibao cha pili chenye matundu matatu, hicho ndicho unachoshika na kukizungusha, vikulabu vyote vinazunguka kwa mpigo. Mkiani, mita 8 kutoka hapo, kuna swivo (kiungo kinachozunguka) ya dukani. Kamba yake inapita juu ya kapi kwenye mti wa mita 1 na inaning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5.

Kibao kinakwama kila nusu mzunguko. Mguu mmoja, yaani uzi mmoja kati ya zile tatu, unalegea na kuwaparamia wenzake. Chupa inagonga kapi kazi ikiwa bado katikati. Na kigwe nikikitoa kinajisokota kama waya wa simu ya mezani. Nizungushie upande gani, kulia au kushoto?

FundiChuma_Kizota

Nianze na kukwama, maana hapo ndipo wengi wanachoka na kutupa kifaa. Kibao kinakwama kwa sababu mbili tu: matundu ya mbao mbili hayalingani, au spoku hazina mkunjo sawa.

Matundu usiyapime mara mbili. Bana mbao zote mbili pamoja kwenye jiliwa, chora pembetatu ya sm 7 kila upande, toboa zote kwa mpigo mmoja. Spoku ya kawaida ina unene wa mm 2, basi toboa kwa mm 2.5. Ukitoboa 2 kamili itasaga mbao na kukaza. Ukitoboa 4 itayumba.

Spoku ikate upande wa kichwa, ubakishe upande wenye nyuzi za nati. Ikunje hivi kuanzia mbele: sm 4 za kikulabu, sm 3 za kupita kwenye ubao, kunja pembe mraba, sm 3 za mkono, kunja tena pembe mraba kurudi nyuma, sm 4 za kupita kwenye kibao cha mkononi. Kikulabu chenyewe kikunje mwisho, spoku ikishapita kwenye ubao. Nati ya spoku yenyewe ndiyo itakayozuia kibao kisichomoke. Zile sm 3 za mkono lazima zilingane kwa spoku zote tatu, tofauti ya mm 1 tu utaisikia mkononi. Kwa hiyo usikunje kwa macho. Pigilia misumari miwili kwenye gogo, umbali wa sm 3, kunjia zote hapo.

Kabla ya kufunga, laza kila spoku juu ya kigae cha sakafuni. Ikilala yote bila kuchezacheza iko sawa. Ikiinuka upande mmoja imepinda pembeni, irudishe kwa plaizi. Halafu paka matundu nta au mshumaa. Grisi usiweke, kwa vumbi la huku ikishika mchanga itakuwa msasa.

Hiyo swivo ya dukani iondoe. Bila mzigo inazunguka vizuri, ukiivuta kwa kilo moja na nusu inakaza. Pita kwa mafundi bodaboda uombe beringi kuukuu ya 6301, tundu lake ni mm 12, inaingia bolti ya 12. Ioshe kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote itoke, tia tone la mafuta ya cherehani.

Nyavu210

Fundi amemaliza upande wa chuma, mimi niseme upande wa uzi.

Kulia au kushoto usiulize watu, muulize uzi. Huo 210/12 umeshasokotwa kiwandani. Funga mguu mmoja, zungusha mara kumi, angalia kwa karibu: ukikaza na kuwa mwembamba, huo ndio upande wako. Ukifunguka na kuonyesha nyuzi zake za ndani, geuza. Miguu inakazwa kwa upande uleule wa kiwandani, halafu kigwe kinajifunga kwa upande wa kinyume. Nguvu mbili zinazovutana ndizo zinazokifanya kitulie. Ukizungusha vibaya unafumua kazi ya kiwanda na hakuna nguvu inayobaki ya kufunga.

Mguu unaolegea: haukuvutwa sawa na wenzake wakati wa kufunga. Kila mguu uning'inizie chupa ya nusu lita kabla hujafunga fundo la mkiani, zote tatu zipate mvuto mmoja.

Sasa koni, naona hujaitaja kabisa. Kata kipande cha mpini wa jembe, sm 6, kichonge kama penseli, kisha kwa tupa ya duara chimba mifereji mitatu inayolingana, kila uzi mfereji wake. Bila koni miguu inajifunga ovyo pale inapotaka, sehemu moja inakaza na nyingine inalegea.

Utaratibu: ncha nyembamba ya koni ielekee mkiani, isogeze mpaka karibu na bolti ya beringi ya mkiani. Zuia bolti isizunguke kwa msumari. Zungusha kibao mpaka mkia usogee mbele sm 70. Pima kwa sentimita, usihesabu mizunguko, utapotea. Chomoa msumari, bolti izunguke huru, mwenzako asukume koni polepole kuelekea kwenye vikulabu huku wewe unaendelea kuzungusha. Koni ikikimbia yenyewe, izuie kidogo. Ikigoma, ongeza mizunguko, usiisukume kwa nguvu. Mita 8 zitatoa karibu mita 6. Kata sm 60 kwa ajili ya mafundo, unapata vigwe 10. Ndoano 200 ni safari 20, yaani mita 480 za uzi.

Kabla ya kukata, ishike yote ikining'inia kama herufi U. Ikitulia wazi, imekubali. Ikijisokota upande uleule wa msokoto wa mwisho, ufungaji haujatosha, ongeza mizunguko mkiani. Ikijisokota kinyume, umezidisha, punguza. Hiyo ya waya wa simu nahisi ni ile swivo iliyokaza: miguu ilijaa nguvu, ikakosa pa kuitolea.

Kambale_Mtera

Asanteni sana. Nimeelewa, na koni kweli sikuwa nayo. Bado chupa na kapi. Na je, nikitumbukiza kwenye maji ya moto msokoto utashika?

FundiChuma_Kizota

Mkia unasafiri mita 2 na mti wako una mita 1, chupa lazima igonge. Weka beringi kwenye gogo dogo linaloteleza juu ya ubao wa mita 2.5 uliopakwa sabuni ya mche kavu, hapo gogo halizunguki na uzi. Kamba itoke kwenye gogo, ipite kapi la juu, ishuke izunguke kapi la pili linaloning'inia, ipande ifungwe juu ya mti. Chupa zifunge kwenye hilo kapi la pili, lakini sasa ziwe mbili. Mvuto unabaki kilo 1.5 uleule, mwendo unakuwa mita 1 tu. Mti wa mita 1.6 unatosha.

Nyavu210

Maji ya moto yanasaidia, ila hakikisha ni nailoni. Tumbukiza kipande kwenye ndoo: nailoni inazama, zile kamba za plastiki za kijani zinaelea, na hizo usizichemshe. Zungushia kigwe kwenye fremu ya mbao kikiwa kimevutwa, dakika 10 kwenye maji yanayochemka, kisha kipoe humohumo kwenye fremu. Ukikitoa kingali cha moto kinasinyaa na kujikunja. Hapa Dodoma maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 96, yanatosha.

Nzi_wa_Kilombero

Niongeze kwa wale wanaovua kwa fimbo na nzi bandia: kifaa hikihiki kinatoa ule uzi mwembamba wa mbele, unaotoka mnene na kuishia mwembamba. Tumia vikulabu viwili tu na uzi mwembamba sana. Pigilia vigingi njiani, kila mguu upangwe kwa vitanzi: nyuzi nyingi upande mnene, zipungue kila kigingi. Chomoa vigingi, sokota miguu yote miwili upande mmoja, iunganishe, iache ijifunge kinyume. Koni haihitajiki. Kwa samaki wenye meno marefu kama wale wa mito ya Mnyera na Ruhudji, mwishoni weka waya wa chuma, maana uzi wowote wanaukata.