Kuku wa jirani wamekufa kwa mafua ya ndege, paka wetu yuko salama? Naombeni ushauri

MamaWawili
Habari zenu wadau. Niko California, nafuga kuku nyuma ya nyumba na tuna paka, kipenzi cha watoto. Wiki hii kuku wa jirani wamekufa ghafla, vilemba vimegeuka zambarau. Maofisa wamethibitisha ni mafua ya ndege, wakawaua waliobaki. Paka wetu hukamata ndege, na nikichinja nampa utumbo mbichi. Bado mzima. Mume wangu anataka aondolewe, watoto wanalia. Ugonjwa huu kweli unamfikia paka? Na sisi je?

Mtabibu_Oregon
Pole sana dada. Nafanya kazi kliniki ya wanyama. Unamfikia, tena H5N1, kirusi cha mafua haya ya ndege, humuua paka haraka. Mwaka 2024 huko Texas paka wa shamba la ng'ombe walikunywa maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Karibu nusu walikufa, wengine walipofuka kwanza. Desemba mwaka huohuo hapa Oregon akafa paka asiyetoka nje kabisa. Alilishwa nyama mbichi ya bata mzinga ya dukani, iliyogandishwa. Barafu haiui kirusi hiki, moto ndio unaua.

Kwa hiyo utumbo mbichi basi, kuanzia leo. Nyama ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi, maziwa yachemshwe. Na msimtupe! Mfungieni ndani, maana akiwa mtaani ndipo atakapokula mizoga. Akikataa chakula, akahema kwa shida, akazunguka-zunguka au kupata degedege, pigeni simu kliniki kabla ya kumpeleka ili wampokee kando. Msimshike bila glavu na barakoa.

Paka kumwambukiza mtu ni nadra sana, ila si jambo la kupuuza: New York mwaka 2016 daktari wa wanyama aliambukizwa H7N2, aina nyingine ya mafua ya ndege, na paka aliokuwa akiwahudumia.

Kijana wa Entebbe
Huku Uganda mwaka 2017 tulianza kuona ndege pori wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria, kisha bata na kuku wa Masaka. Watoto wasiokote ndege aliyekufa, dada.

BabaSimba
Na mbwa je?

Mtabibu_Oregon
Ni mara chache, lakini hupata. Oshawa, Kanada, mwaka 2023 mbwa alitafuna bata bukini pori, akafa.

MamaWawili
Asanteni sana. Mume wangu amesoma, amekubali paka abaki ndani. Kuku wangu niwafanyeje?

Mtabibu_Oregon
Wafungie bandani, ndege pori wasifikie chakula wala maji yao. Viatu vya bandani visiingie ndani. Akifa hata mmoja, usimchune. Piga simu idara ya kilimo.