Sneya moja, rumba na sebene: wapiga dramu naombeni ushauri

Kijana wa Isevya: Wakuu, salaam kutoka Tabora. Napiga dramu kwenye bendi ya harusi. Mwezi ujao tuna kazi kwenye ukumbi wa bati juu, tailizi chini, mwangwi mtupu. Sneya yangu (ile ngoma ndogo ya mbele ya kiti) ni ya chuma, inchi 14, ina nyaya 20 za kuchachatika chini ya ngozi ya chini. Kwenye rumba naitaka nzito na kavu; sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, ikiingia ichape kama kofi. Hela ya sneya ya pili hakuna. Halafu mpiga besi akishuka nota za chini, nyaya zinalia zenyewe hata sijagusa. Mnafanyaje jukwaani?

Fundi Mitambo: Tafuta ngozi kuukuu ya inchi 14, ikate ukingo wa chuma ibaki duara inayolala vizuri ndani ya ringi. Ngozi yenyewe ya sneya kaza ya sebene, maana katikati ya wimbo hukazi kitu. Kwenye rumba laza lile duara juu, sauti inashuka na kunenepa hapohapo.

Mwana Ujiji: Mji wa bendi ya Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, leo mnauliza watu wa Kigoma! 😂 Mimi naweka taulo tu.

Fundi Mitambo: Taulo linaua mdundo, fimbo hairuki. Labda kwa kwaya.

Mwana Ujiji: Haya. Kuhusu nyaya, legeza kidogo boliti za ngozi ya chini zilizopakana nazo, mbili huku, mbili kule. Tomu ndogo (ngoma ya juu isiyo na nyaya) nayo isilingane sauti na sneya. Haziishi kulia kabisa, ila zinapungua. Sehemu unayogonga ukingo tu, zima swichi ya pembeni inayoachia nyaya.

Dada Dramu: Msisahau maiki. SM57, vidole viwili juu ya ringi, ielekee katikati ya ngozi. Ekko kataa, bati linatosha. Na ukijaribu mchana ukumbi mtupu utaisikia kali mno, usikimbilie kuibana. Watu wakijaa wanaimeza.

Kijana wa Isevya: Ngozi kuukuu ipo stoo. Ila rumba na sebene kwetu ni wimbo mmoja. Duara nalitoa saa ngapi?

Fundi Mitambo: Gitaa la solo likiita peke yake kabla hamjaingia. Mkono wa kulia bakia kwenye haihati (matoazi mawili ya kukanyaga), wa kushoto chomoa duara, tupa nyuma ya kiti. Mwambie tu mpiga kongas asikae hapo.