Naomba ushauri: kebo ya antena ya RG-58 au RG-213 kwa redio ya ufuoni?

Wadau, hamjambo. Tuna redio ya VHF ya wati 25 kwenye ufuo mmoja karibu na Dunga, Kisumu, ya kuongea na wavuvi walio ziwani. Kutoka antena juu ya mlingoti hadi ofisini ni mita 30. Fundi alituwekea ile kebo ya televisheni, RG-6, eti kebo ni kebo. Hiyo ni ya omu 75 (kipimo cha ukinzani), redio na antena ni za omu 50, kwa hiyo hazilingani. Maboti ya mbali tunasikia mkwaruzo tu, ingawa nashuku pia konekta ya juu aliyoifunga kwa tepu na kuiacha hivyo.

Dukani nimeonyeshwa RG-58, nyembamba na nafuu. Lakini kwa hesabu yangu, kwenye megahezi 150 inapoteza takriban desibeli 6 za nguvu ya mawimbi kwa urefu huo: wati 25 zinafika juu zikiwa kama 6! RG-213 inapoteza chini ya 3, ila ni nene kama kidole na bei yake inauma.

Nijikaze ninunue hiyo nene, ama nisogeze redio iwe mita 10 tu kutoka kwa antena na kutumia RG-58? Na konekta za nje mnazizibaje? Mvua ya huku mnaijua.