Kiolezo kimerekebishwa, miradi 11 ya zamani ina kosa lile lile: nitumie zana gani?

Msanidi_Ngara

Habari zenu, wanajukwaa. Ofisini kwetu tuko wasanidi watatu, na mteja anapohitaji huduma ya kupokea malipo ya M-Pesa tunafungua terminali, tunaita Cookiecutter, zana inayozalisha mradi mpya kutoka kwenye kiolezo (mradi wa mfano), tunajibu maswali sita au saba, na folda nzima ya mradi inatokea ikiwa tayari na saa za Africa/Nairobi na namba za simu zinazoanza na 254.

Mwezi uliopita mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupigia simu, kwa kuwa malipo ya shilingi 4,500 yalikuwa yameandikwa mara mbili katika mfumo ilhali mnunuzi alilipa mara moja. Kosa lilikuwa letu: msimbo unaopokea majibu ya malipo haukuangalia kwanza kama CheckoutRequestID hiyo, yaani namba ya utambulisho wa ombi la malipo, imeshahifadhiwa, hivyo jibu lilipofika mara ya pili lilihesabiwa kuwa malipo mapya. Kiolezo tulikirekebisha siku hiyo hiyo, lakini miradi 11 iliyotokana nacho haikupata marekebisho hayo. Je, nihamie Copier, zana nyingine ya violezo?

Fundi wa Violezo

Ndugu, Cookiecutter, ambayo Audrey Roy Greenfeld aliianzisha mwaka 2013, kazi yake ni kuzalisha mradi na kuuachia hapo. Ndani ya mradi haibaki kumbukumbu ya toleo la kiolezo lililotumika. Copier huweka kumbukumbu hiyo katika faili la .copier-answers.yml, pamoja na majibu uliyotoa. Ukiandika `copier update`, hulinganisha mradi wako na ule ambao kiolezo cha zamani kingeuzalisha, ili ijue ni mistari ipi uliibadilisha wewe, kisha huleta mabadiliko ya kiolezo kipya na kuiacha kazi yako ilivyo. Pale ambapo wewe na kiolezo mmegusa mstari mmoja, utakuta alama za mgongano kama zile za Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo), nawe ndiwe utakayeamua.

Ili hayo yawezekane, kiolezo na mradi lazima viwe katika Git, kiolezo kiwe na tegi za matoleo (majina yanayotambulisha kila toleo), na faili la majibu liwe limewekwa ndani ya kiolezo na mwandishi wake. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na hugundua siku ya kusasisha, wakati mradi umeshakwenda kwa mteja.

Mama Seva

Nakubaliana na Fundi kwa miradi mipya, ila kwa hiyo 11 ningeanza na Cruft, zana ya kusasisha miradi iliyotokana na kiolezo, kwa sababu inasoma violezo vile vile vya Cookiecutter mlivyo navyo. Ingia katika mradi wa zamani, andika `cruft link` pamoja na anwani ya kiolezo, nayo itauliza ni komiti ipi ya kiolezo (hatua iliyohifadhiwa katika historia ya Git) ambayo mradi unalingana nayo. Hapa naomba uwe makini sana: ukibonyeza Enter tu, itachukua komiti ya mwisho, yaani itaamini kwamba marekebisho yenu yameshaingia, na `cruft update`, amri ya kuleta mabadiliko ya kiolezo, itakujibu kuwa hakuna la kufanya huku kosa likiendelea kuandika malipo mara mbili.

Jambo jingine: kama miongoni mwa maswali yenu mnauliza funguo za siri za Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa), liondoeni swali hilo leo. Cookiecutter huhifadhi majibu katika folda ya .cookiecutter_replay kwenye kompyuta ya aliyeiendesha, na siri hubaki humo kama maandishi ya kawaida.

Msanidi_Ngara

Ahsanteni sana. Swali la funguo lilikuwamo, nimeliondoa na funguo zenyewe tunazibadilisha. Nimeanza na mradi wa mteja yule wa vifaa vya ujenzi: nilitazama tarehe ya komiti yake ya kwanza, nikatafuta katika historia ya kiolezo komiti iliyotangulia tarehe hiyo, nikaiandika Cruft iliponiuliza. Baada ya `cruft update` marekebisho yameingia, na mgongano ulikuwa mmoja tu, katika faili la mipangilio. Kisha nilituma jibu lile lile la malipo mara mbili kwenye seva ya majaribio, na safari hii imeandikwa rekodi moja. Imebaki miradi 10.