Tupeane uzoefu: kwa dada wa kazi, hisani inaishia wapi na deni linaanzia wapi?

Karani wa Buruburu (mtoa mada)

Wadau, habari za jioni. Siasa tuziache kidogo. Kuna neno ambalo waajiri wa majumbani hapa Nairobi wanalipenda mno: "kumsaidia". Wanamsaidia binti wa watu kwa chakula, kwa malazi, kwa nguo za watoto zilizokwisha kubana. Ikifika tarehe 30, msaada wote huo unapigiwa bei na kutolewa kwenye mshahara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira mazuri ya kazi, na wa jikoni hakuachwa nje. Wenye kujua mishahara, sheria na mafunzo, leteni vitu vya kushikika: kiasi, tarehe, karatasi. Zile za "wangu alinihama usiku na pasi" zina siku yake.

Mhasibu wa Ngara

Nianze na pesa, maana huko ndiko hisani hujificha. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, kwa agizo lililoanza Novemba 2024, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hapo marupurupu ya nyumba hayamo. Anayerudi kwake jioni unamwongezea. Anayelala kwako, kile kitanda ndiyo nyumba yake, ila hakikupi ruhusa ya kushuka chini ya hicho kima.

Sasa chukua mshahara wa 20,000. SHIF, mfuko wa bima ya afya, ni asilimia 2.75, yaani 550. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 6, 1,200. Ushuru wa serikali wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, 300. Makato ni 2,050, anabaki na 17,950. Wewe mwajiri unatoa tena 1,200 ya NSSF na 300 ya nyumba kutoka mfukoni mwako, kwa hiyo kazi yake inakugharimu 21,500. Kodi ya mapato haimgusi kwa sababu hajafika 24,000. Makato hayo na nyongeza yako peleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kosa baya kuliko yote si kutokata. Ni kukata na kukaa nazo. Asiyekata amezembea, aliyekata akala, amekula za mwenziwe.

Halafu kumbukumbu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kiasi, hauonyeshi ni cha mwezi gani wala kama ni mshahara au advansi, yaani pesa alizotangulia kuchukua. Nunua daftari la kawaida, kila mwezi ukurasa mmoja, kwa mfano hivi:

"Machi. Mshahara 20,000. Makato 2,050. Advansi tarehe 12, nauli ya msiba, 3,000. Amepokea 14,950 kwa M-Pesa tarehe 31. Likizo iliyobaki siku 14. Sahihi yake, sahihi yako."

Mistari saba. Piga picha ya ukurasa, mtumie kwa simu naye abaki nayo. Ugomvi mwingi wa siku ya kuachana huzaliwa kwenye zile advansi ndogondogo ambazo kila mmoja anazikumbuka kwa namna yake.

Msaidizi wa Sheria, Kayole

Mhasibu amenena. Niongeze upande wa Sheria ya Ajira ya 2007, hasa pale watu wanapoanguka.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Kama hasomi, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kisha aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Waajiri hudhani kutokuwa na karatasi kunawalinda. Ni kinyume chake: kesi ikifika mahakamani na mkataba haupo, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wako.

Pumziko ni siku moja katika kila saba. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na mshahara kamili. Akiugua baada ya kukaa kwako miezi miwili mfululizo, ana angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka, mradi alete cheti cha daktari.

Sahani ikivunjika je? Unaweza kukata kiasi cha haki pale tu hasara ilipotokana na makusudi yake. Glasi iliyoteleza kwenye sabuni si makusudi. Na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili ya mshahara. Mshahara pia ni wake mkononi. Kumtumia mama yake kule nyumbani kwa sababu "huyu ni mtoto, atazichezea" hakuruhusiwi, isipokuwa yeye mwenyewe ameidhinisha kwa maandishi.

Kumshuku wizi hakukupi idhini ya kumtoa usiku na mfuko wa plastiki. Unamwita, unamweleza tuhuma kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake pale. Unamsikiliza kabla hujaamua. Hata ukimfuta papo hapo kwa kosa kubwa, siku alizokwisha kufanya unazilipa. Kwa kuachana kwa kawaida, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, au malipo yake. Ikithibitika umemwachisha isivyo haki, mahakama inaweza kukuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Naye ana miaka mitatu ya kudai, kwa hiyo lile daftari usilitupe: sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5 baada ya ajira kwisha.

Kidole Juu, Kasarani

Mnaongea kama kila mwajiri anakaa Kileleshwa kwa wenye nazo. Mwalimu anayebaki na 35,000 baada ya makato yake, kodi ya nyumba 12,000, atatoa wapi 21,500? Wengi wanaoajiri ni wafanyakazi pia. Na akipata mimba?

Msaidizi wa Sheria, Kayole

Swali zuri, na sitalizunguka. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, anatoa taarifa ya maandishi angalau siku 7 kabla, na kumfuta kwa sababu ya mimba ni kosa. Kwa 20,000 hiyo ni 60,000, na bado unahitaji wa kushika nafasi yake. Ni nzito. Lakini uzito wake haumpi mwalimu haki ya kumbebesha mwingine anayepata kidogo kuliko yeye. Asiyeweza mtu wa kulala apunguze kazi, si ujira: wa siku mbili kwa wiki, mtoto apelekwe kwa mlezi wa mchana mtaani, au majirani wawili washirikiane mmoja kwa mkataba mmoja ulioandikwa nani analipa nini.

Mkufunzi wa Kawangware

Kuna mambo sheria haitayafikia na ndiyo yanayomtambulisha mwajiri. Anayelala kwako apate mlango unaofungwa kwa ndani, na ufunguo akae nao yeye. Kitambulisho chake piga nakala, umrudishie palepale. Siku ya mapumziko ianze Jumamosi jioni. Ukimtoa Jumapili saa tano baada ya vyombo, akivuka jiji kwa matatu mbili, siku imekwisha.

Wiki ya kwanza usimwachie mtoto na jiko akiwa peke yake. Wengi wanatoka kwenye kuni. Mwonyeshe kufunga gesi pale juu ya mtungi, si kwenye jiko tu. Paka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi mbele yake aone mapovu yanavyofuka panapovuja. Akisikia harufu: afunge, afungue madirisha, asiguse swichi ya taa, atoke na mtoto. Akiungua: maji baridi yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno wala unga. Namba 999 na 112 ziandikwe ukutani kwa kalamu nene pamoja na yako na ya jirani. Kumwachia maisha ya mtoto wako bila kumfundisha haya, kisha kumlaumu, ni dhuluma kwa wote wawili. Na matibabu ya aliyeumia kazini ni juu yako.

Mama Pili, South B

Mama fua anayekuja Jumanne na Ijumaa naye anaingia humu?

Mhasibu wa Ngara

Kwa siku mbili zake, mlipe siku hiyohiyo kabla hajatoka getini, na bei mpatane kabla maji hayajaguswa: nguo, mablanketi na mazulia kila kimoja kando. Akianza kuja kila siku mwezi mzima mfululizo, mahakama inaweza kumhesabu mfanyakazi wa mwezi, hata kama mnaendelea kumwita kibarua.

Na siku za likizo ambazo dada hakuzichukua, akiondoka, gawa mshahara kwa 26, si 30, kwa kuwa likizo huhesabiwa kwa siku za kazi. Siku 7 kwa 20,000 ni 5,384.60. Ukigawa kwa 30 unapata 4,666.70, karibu 718 zimebaki kwako.

Msaidizi wa Sheria, Kayole

Pamoja na hizo, cheti cha utumishi: jina lako, lake, alianza lini, kazi gani na wapi, akaacha lini. Aliyefanya wiki nne mfululizo au zaidi anastahili. Si lazima umsifu. Lakini usiandike "aliondoka vibaya".