Programu ya barua pepe ya mtu mmoja inahitaji seva ya MySQL ya nini?

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limenila siku mbili za kazi na limemfanya mteja wangu alipe tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini ambayo hakustahili kuilipa.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Barua pepe tunazopokea, pamoja na ankara na hati za shehena zilizoambatishwa, hushushwa kwa njia iitwayo POP3 na kufutwa kwa mtoa huduma, kwa hiyo nakala pekee ni ile iliyomo ndani ya kompyuta yangu ya mezani. Kwa miaka mingi programu niliyoitumia ilihifadhi kila barua kama faili moja, kwa mtindo wa Maildir, na sikuwahi kupoteza hata moja. Kisha likaja toleo jipya ambalo, bila kuniuliza, liliwasha seva yake lenyewe ya MySQL, programu ya kuhifadhi data katika majedwali, ndani ya folda yangu na kuhamishia barua zote humo.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana. Uliporudi, mfumo ulijisasisha kama kawaida yake, na MySQL nayo ikapanda toleo. Nilipofungua programu ya barua sikuona hata barua moja, ila ujumbe kwamba seva ya hifadhidata haipatikani. Ilinibidi nisome faili la kumbukumbu mstari kwa mstari ndipo nielewe: hifadhidata haikufungwa ipasavyo umeme ulipokatika, na toleo jipya la MySQL lilikataa kupokea kumbukumbu za miamala (rekodi za mabadiliko ya data) zilizoachwa na toleo la zamani lililozimika ghafla. Msimamizi wa seva analijua hilo, naye huifunga hifadhidata kwanza ndipo apandishe toleo. Mimi sikujua hata kama nina seva.

Nikaingia kwenye folda yenyewe nikitafuta barua moja tu, ya mteja aliyekuwa akinisubiri kwenye simu. Barua fupi zilikuwa zimemezwa na majedwali. Ndefu zilikuwa nje, katika maelfu ya faili yenye majina ya namba tupu, bila jina la mtumaji wala kichwa cha barua. Hatimaye nilinakili folda nzima kwenye kompyuta nyingine yenye MySQL ya zamani, nikaiwasha, nikaizima kwa utaratibu, kisha nikairudisha. Barua zilipatikana, lakini mzigo ulikuwa umeshalala bandarini siku mbili.

Watetezi wa uamuzi huu wa kutumia MySQL husema kwamba SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili bila kuhitaji seva, humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na kwamba programu inayoshusha barua za akaunti kadhaa kwa pamoja itakwama kwenye foleni. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Tangu mwaka 2010, SQLite ilipoleta WAL, yaani utaratibu wa kuandika mabadiliko kwanza katika faili la pembeni, msomaji hamzuii mwandishi wala mwandishi hamzuii msomaji, na sioni ni akaunti ngapi za mtu mmoja zinazoweza kuielemea. Ambapo ningekubali kuikwepa ni pale folda ya mtumiaji inapokaa kwenye diski ya mtandao, maana huko ufungaji wa faili, ule unaozuia programu mbili kuliandika kwa pamoja, hauaminiki, na waandishi wa SQLite wenyewe wanatahadharisha hivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia nzuri zipo na zinajulikana. Programu ya barua ya Apple huweka kila barua katika faili lake na kuitumia SQLite kama faharasa. Thunderbird, programu nyingine ya barua, nayo huweka barua katika mbox, yaani faili moja kwa folda nzima, na hifadhidata yake ya utafutaji, ambayo ni SQLite, ukiifuta hujengwa upya kutoka kwenye barua zenyewe. Hicho ndicho ninachokidai: hifadhidata iwe faharasa tu, na ikiharibika, hasara yangu iwe kungoja nusu saa ijengwe tena.

Programu yangu inaruhusu kuchagua SQLite, ila mpangilio huo umefichwa katika faili ambalo mtumiaji wa kawaida hatalifikia, na hakuna maelezo ya kuhamisha barua zilizokwisha kuingia MySQL. Kama kuna aliyewahi kuhama bila kupoteza folda zake, naomba aniwekee hapa hatua alizozifuata.